John Wayne na Filamu Aliyoipenda Kuliko Zote

Jina jema hung'ara gizani, walinena wahenga. Hawakuwa wakiwaza habari ya sinema, lakini neno lao linaiafiki barabara, maana ni katika giza la sinema ambamo majina ya watu wa mbali yaling'ara hata yakatufikia sisi ambao hatukuwahi kukanyaga nchi zao. Mojawapo ya majina hayo ni John Wayne. Wazazi wetu walimtazama katika majumba ya sinema ya mijini, na mbele ya vitambaa vyeupe vilivyotundikwa viwanjani gari la sinema lilipozuru vijiji. Sisi tuliozaliwa baadaye tulimkuta katika kanda za video na katika vipindi vya televisheni vya mwisho wa juma. Wote tulimwita steringi, na wote tuliamini kwamba steringi hafi.

Majuzi nilikuwa nikifundisha somo kuhusu majina na maana, nikamtaja mtu huyu kama mfano. Mwanafunzi mmoja, ambaye nadhani hajapata kuona hata filamu moja ya makauboi, aliniuliza swali ambalo sikulitarajia: je, katika filamu zote alizoigiza, yeye mwenyewe aliipenda ipi? Nilimjibu kwa mkato kwa kuwa muda ulikuwa umetupa kisogo. Makala haya ni jibu kamili, na natumaini walimu wenzangu wataona ni kwa nini swali lile halikuwa la mzaha hata kidogo.

Mtu tunayemwita John Wayne alizaliwa tarehe 26 Mei 1907 katika mji mdogo wa Winterset, jimbo la Iowa, Marekani. Wazazi wake hawakumwita John wala Wayne. Walimwita Marion, jina ambalo masikioni mwa Wamarekani wengi ni la kike, na jina la ukoo wao lilikuwa Morrison. Baba yake, Clyde, alikuwa mwuza dawa ambaye biashara haikumkubali. Familia ilihamia California, ikajaribu kulima ardhi kame ukingoni mwa jangwa la Mojave, ikashindwa, kisha ikatua katika mji wa Glendale karibu na Los Angeles. Huko mvulana huyo alizoea kutembea na mbwa wake mkubwa aliyeitwa Duke, na wazimamoto wa mtaani wakaanza kumwita mtoto kwa jina la mbwa. Jina hilo alilipenda kuliko Marion, na rafiki zake waliendelea kumwita hivyo hadi siku zake za mwisho.

Alijiunga na Chuo Kikuu cha Southern California kwa ufadhili uliotokana na kipaji chake katika ule mchezo wa Kimarekani wa mpira unaobebwa mikononi. Alipoumia akiogelea baharini, ufadhili ulikoma na masomo nayo yakakoma. Akaajiriwa kubeba na kupanga vifaa katika studio za Fox, na huko ndiko alikofahamiana na mwelekezi John Ford, mtu ambaye baadaye angemfinyanga mfano wa mfinyanzi na udongo.

Mwaka 1930 mwelekezi mwingine, Raoul Walsh, alimteua kijana huyu mrefu wa umbo awe mhusika mkuu wa The Big Trail, kisa cha wahamiaji waliokuwa wakielekea magharibi kwa magari ya kukokotwa. Wakuu wa studio waliona kwamba Marion Morrison si jina la shujaa. Wakaazima jina la jenerali Anthony Wayne wa vita vya uhuru wa Marekani, kisha wakaondoa Anthony na kuweka John. Kijana mwenyewe hakuwamo katika mazungumzo hayo. Sasa zingatia, msomaji, jenerali huyo alikuwa nani. Mnamo 1794, katika mapigano ya Fallen Timbers, aliushinda muungano wa mataifa ya wenyeji wa asili wa Marekani, na ushindi wake ukawafungulia walowezi ardhi ya Ohio. Hivyo kijana wa watu aliingia katika filamu za makauboi akiwa amevikwa, pasipo kushauriwa, jina la mtu aliyewapiga wenyeji kwa risasi za kweli.

Filamu ile haikufua dafu. Ilipigwa kwa mtindo mpya uliohitaji mitambo ya pekee na kitambaa kipana, na wenye majumba ya sinema, waliokuwa wakiumizwa na mdororo mkuu wa uchumi, hawakuwa na fedha za kununulia vifaa hivyo. Kwa karibu miaka tisa Wayne akawa mwigizaji wa filamu za bei nafuu zilizokamilishwa kwa siku chache. Lakini miaka hiyo haikupotea bure. Alijifunza kutoka kwa Yakima Canutt, bingwa wa kupanda farasi aliyezoea kuanguka na kuruka badala ya waigizaji. Aliiga mwendo wake na usemi wake. Ile sauti nzito isiyo na haraka, na ile tabia ya kusita katikati ya sentensi ili msikilizaji asubiri neno lifuatalo, hakuzaliwa nayo. Ni mtindo uliotungwa, ukafanyiwa mazoezi, hatimaye ukawa kama ngozi yake.

Mwaka 1939 John Ford alimwita aigize katika Stagecoach, filamu iliyopigwa miongoni mwa majabali mekundu ya Monument Valley, nchi ya watu wa Navajo. Filamu hiyo ndiyo iliyomfungulia Wayne njia ya kutoka katika filamu za bei nafuu. Miaka michache baadaye, Desemba 1941, Marekani iliingia katika Vita vya Pili vya Dunia. Wayne alikuwa na umri wa miaka 34 na watoto wanne. Sheria ilimruhusu kuahirisha uaskari, na studio iliyomwajiri iliomba asichukuliwe. James Stewart, Henry Fonda na Clark Gable walivaa sare. Yeye alibaki akiigiza, ila kwa miezi michache ya 1943 na 1944 alipozuru kambi za Pasifiki kuwatumbuiza wanajeshi. Halafu vita vilipokwisha, ndiye aliyegeuka kuwa sura ya askari wa Marekani machoni pa dunia, na filamu ya Sands of Iwo Jima ya 1949 ikamfanya ateuliwe kwa mara ya kwanza kuwania tuzo ya Oscar. Pilar, mke wake wa tatu, aliandika baadaye kwamba uzalendo wake uliopita kiasi ulitokana na haya ya kutokwenda vitani.

Nimeyaeleza haya si kwa nia ya kumsuta marehemu. Nataka ieleweke kwamba tulichokiona gizani kilikuwa barakoa, na kwamba mvaaji wake alijua hivyo. Hapo ndipo swali la mwanafunzi linapopata uzito. Mtu aliyeigiza katika filamu zaidi ya 150, mbele ya kioo chenye picha nyingi namna hiyo, alijiona katika ipi?

Zipo alizozithamini. She Wore a Yellow Ribbon ya 1949 ilimpa nafasi ya kuwa kapteni mzee anayekaribia kustaafu, ilhali yeye mwenyewe alikuwa amevuka miaka 40 tu, na aliihesabu kuwa mojawapo ya kazi zake bora. The Quiet Man ya 1952, iliyopigwa Ireland, haina farasi wa vita wala bastola. Ni kisa cha bondia aliyemwua mtu ulingoni akarudi kijijini kwa wazazi wake kutafuta amani. The Alamo ya 1960 aliielekeza mwenyewe, akaigiza humo, akatia fedha zake za mfukoni hata akakaribia kufilisika. Ilitajwa katika vitengo saba vya tuzo za Oscar, ikatuzwa katika kimoja tu, cha sauti.

Ipo pia aliyoichukia. High Noon ya 1952 inamwonyesha mlinda usalama anayetorokwa na mji mzima saa ya hatari, naye mwishoni anaitupa chini beji yake. Wayne aliona hilo ni tusi kwa Marekani. Wakati ule alikuwa rais wa chama cha watu wa filamu waliowasaka wakomunisti katika fani yao, na mwandishi wa filamu hiyo, Carl Foreman, alikuwa mmoja wa walionyimwa kazi katika msako huo. Kwa kinaya cha mambo, mwaka 1953 ni Wayne huyo huyo aliyepanda jukwaani kuipokea tuzo ya Oscar kwa niaba ya Gary Cooper, steringi wa filamu aliyoichukia. Miaka sita baadaye, yeye na mwelekezi Howard Hawks waliijibu kwa Rio Bravo, ambamo mlinda usalama hatupi beji.

Lakini filamu ambayo moyo wake uliiangukia zaidi ni The Searchers, aliyoigiza chini ya John Ford mwaka 1956. Mhusika wake anaitwa Ethan Edwards. Mwaka 1962 Wayne alipopata mtoto wa kiume, alimpa jina la Ethan. Mtu aliyepewa majina na wazazi, na wazimamoto, na studio, alipofikiwa na zamu ya kutoa jina alilitoa katika filamu hiyo. Ushahidi ulio mzito kuliko huo ni vigumu kuupata.

Basi Ethan huyu ni nani? Ni askari wa jeshi lililoshindwa, lile la majimbo ya Kusini yaliyopigania kuuhifadhi utumwa, anayerejea nyumbani kwa ndugu yake huko Texas mwaka 1868. Punde si punde wapiganaji wa Komanche wanaishambulia nyumba hiyo, wanawaua ndugu yake na mkewe na kuwateka binti zao. Mkubwa anakutwa ameuawa. Mdogo, Debbie, anatafutwa kwa miaka mingi, na kadiri miaka inavyopita ndivyo nia ya mtafutaji inavyogeuka. Ethan hamtafuti tena ili amwokoe. Anamtafuta ili amwue, kwa kuwa binti amekulia kwa Wakomanche na kwake yeye amekwisha kuwa mmoja wao. Mwishoni anamkamata, anamwinua juu kwa mikono miwili, halafu badala ya kumwua anamkumbatia na kumrudisha nyumbani. Wote wanaingia ndani. Yeye anabaki mlangoni ameshika kiwiko chake, ishara aliyoiiga kutoka kwa Harry Carey, mwigizaji mkongwe aliyekuwa amefariki, ambaye mjane wake Olive alikuwa miongoni mwa waigizaji wa filamu hiyo. Kisha Ethan anageuka na kwenda zake jangwani peke yake, na mlango unafungwa.

Kwangu mimi mwanaisimu, jambo la kustaajabisha zaidi katika filamu hii ni kwamba Ethan anaijua lugha ya Kikomanche. Anajua na imani zao pia. Anaikuta maiti ya Mkomanche, anaipiga risasi machoni, kwa sababu anajua kwamba kwa imani yao, jinsi filamu inavyoieleza, asiye na macho hawezi kuingia katika nchi ya roho. Anapokutana uso kwa uso na chifu aitwaye Scar, anamkejeli kwa kujua Kiingereza vizuri, kana kwamba amefunzwa na mtu. Chifu naye anamrudishia kejeli hiyo hiyo kuhusu Kikomanche chake. Kila mmoja amejifunza lugha ya mwenziwe, na kila mmoja ameitumia kuchochea chuki.

Sisi walimu wa lugha tumezoea kufundisha kwamba kuijua lugha ya mtu ni daraja la kumfikia. Filamu hii inatuonya kwamba daraja hupitwa na majeshi pia. Wala hatuhitaji kwenda Texas kulishuhudia hilo. Hapa Kenya walowezi walikuwa na Kiswahili chao, wataalamu wakakiita Kisetla, ambacho kiliegemea mno amri za kuwatuma watumishi. Walikijua kiasi cha kuagiza chai. Kumsikiliza aliyeileta chai hiyo lilikuwa jambo jingine.

Tazama pia nani anawaigiza wenyeji. Chifu Scar aliigizwa na Henry Brandon, mzaliwa wa Berlin, Ujerumani. Wanavijiji na wapiganaji wake walikuwa Wanavajo wa Monument Valley, taifa lenye lugha na mila nyingine kabisa. Hata hilo jina la Komanche, kwa mujibu wa wanaisimu wengi, lilitoka kwa jirani zao Waute likiwa na maana ya adui. Wao wenyewe hujiita Numunuu. Na tukicheka, tujicheke na sisi, kwa maana tulipowaita Wahindi Wekundu tulikuwa tukilitafsiri kosa la Columbus, aliyedhani mwaka 1492 kwamba amefika pande za Bara Hindi. Kosa la baharia mmoja liliingia katika Kiswahili chetu likakaa kitako.

Historia yenyewe haikwenda kama filamu. Riwaya ya Alan LeMay iliyozaa filamu hii ilitoka mwaka 1954, na nyuma yake kuna visa vya kweli. Cynthia Ann Parker alitekwa na Wakomanche huko Texas mwaka 1836 akiwa mtoto, akaolewa nao, akazaa. Alipokamatwa na kurudishwa kwa Wazungu mwaka 1860, hakuona kwamba ameokolewa. Alitaka kurudi kwa wanawe, akazuiwa, na akaishi kwa majonzi hadi kifo chake. Kisa kingine, ambacho baadhi ya wanahistoria wanakihusisha na riwaya hiyo, ni cha Britt Johnson, ambaye mkewe na watoto wake walitekwa mwaka 1864. Aliwafuata akawakomboa kwa fidia. Britt Johnson alikuwa mtu mweusi. Wapo wanahistoria wanaokadiria kwamba kati ya kila makauboi wanne wa kweli, mmoja alikuwa mweusi. Ni wangapi tuliowaona katika sinema zetu?

Kutoka Monument Valley hadi kwetu kulikuwa na hatua moja tu. Mwishoni mwa 1960 Wayne na Howard Hawks walifika Tanganyika kupiga filamu kuhusu wawindaji wanaokamata wanyama hai kwa ajili ya bustani za wanyama. Walifanya kazi pande za Arusha na Momella, chini ya Mlima Meru, na waigizaji wenyewe walishiriki kuwafukuza vifaru na twiga kwa magari. Filamu ilipotoka mwaka 1962, ilizunguka dunia ikiwa na jina la Kiswahili: Hatari! Mswahili anayelisoma jina hilo hawezi kukosa kujisikia fahari. Lakini akiketi kuitazama, ataona kwamba wenye majina na mapenzi na mizaha ni Wamarekani, Wajerumani, Waitaliano na Wafaransa. Wenye lugha iliyoazimwa kuwa jina wamo, ila wapo pembeni. Na wakati kamera zilipokuwa zikimkimbiza kifaru, Julius Nyerere alikuwa tayari Waziri Kiongozi na nchi ilikuwa ikielekea uhuru wa tarehe 9 Desemba 1961. Ndani ya filamu huoni kwamba kuna taifa linalozaliwa.

Je, Wayne mwenyewe alikuwa Ethan? Hapa sina budi kusema ukweli wa pande zote mbili. Aliwaoa wanawake watatu maishani mwake, na wote walikuwa na asili ya Amerika ya Kilatini. Hivyo hakuwa mtu wa kuwakimbia wote wasiofanana naye. Hata hivyo, katika mahojiano na jarida moja la Marekani mwaka 1971, alieleza kwamba aliamini ubora wa watu weupe uendelee hadi watu weusi watakapoelimishwa kiasi cha kubeba wajibu, na kwamba hakuona kosa lolote katika kuwapokonya wenyeji ardhi yao. Alikuwa na umri wa miaka 63. Ethan wa kwenye filamu alimwinua yule binti na moyo wake ukageuka. Siku ile ya mahojiano, mwigizaji wake hakugeuka.

Mwili wake ulikuwa umeanza kumsaliti kabla ya hapo. Mwaka 1964 alipasuliwa na kuondolewa pafu la kushoto kwa sababu ya saratani, akatangaza ugonjwa wake hadharani wakati ambapo waigizaji wengi wangeuficha, na kwa hilo anastahili heshima. Alipewa tuzo ya Oscar mwaka 1970 kwa True Grit, akiwa mzee mnene mwenye kiraka jichoni. Filamu yake ya mwisho, The Shootist ya 1976, inamhusu mpiga bastola anayekufa kwa saratani, na mwishoni steringi anakufa. Wayne alifariki mjini Los Angeles tarehe 11 Juni 1979 kwa saratani ya tumbo, akiwa na umri wa miaka 72. Kwa takriban miaka 20 kaburi lake huko Newport Beach halikuwa na jina. Mwaka 2020 chuo kikuu alichosoma kilitangaza kuondoa maonyesho yaliyowekwa kwa heshima yake, kwa sababu ya yale maneno ya 1971, na wapo waliotaka uwanja wa ndege wa jimbo la California unaoitwa kwa jina lake ubadilishwe jina.

Sidhani kwamba jibu letu liwe kuzichoma filamu zake. The Searchers ni kazi kubwa ya sanaa, na ukubwa wake unatokana na kutomficha steringi: inamwonyesha shujaa akiwa na sumu ndani yake, kisha inamfungia mlango nje. Ninalowaomba walimu ni jambo dogo. Mtakapowaonyesha wanafunzi filamu yoyote, iwe ya kauboi, ya karate au ya kwetu wenyewe, wapeni kalamu na karatasi waandike mambo manne: nani ana jina, nani anazungumza, anazungumza kwa lugha ya nani, na nani amekaa kimya tangu mwanzo hadi mwisho. Sisi tulipokuwa watoto tulishangilia kila mara wapanda farasi wasio na majina walipoanguka, na hakuna aliyetuuliza kwa nini.

Na kwa yule mwanafunzi: filamu aliyoipenda zaidi ni ile ambayo shujaa wake haruhusiwi kuingia ndani. Itafute uitazame, halafu uje na karatasi yako.